Marobota Kuzunguka Mashine ya Joto

Tangu asubuhi mashine ya joto, ile ya umeme yenye kasha lake kubwa nje ya ukuta, ilikuwa ikipuliza baridi sebuleni, na Struan Heddle alijifanya haoni. Mkewe, Noeline, alikuwa amelala kwenye kochi chini ya mablanketi, kifua kikimkoroma. Jiko lao la kuni lilishang'olewa na dohani kuzibwa, maana daktari alisema moshi utamuua. Hita ndogo ya umeme nayo ilikuwa imeungua. Ilibaki mashine hiyo tu, na theluji ilikuwa imefunga barabara ya kwenda mjini Ranfurly. Greda la kuondoa theluji lisingefika kabla ya kesho.

"Mzee, ile mashine umeifanya nini huko nje?" Noeline aliuliza.

"Nimeikinga na upepo baridi wa kusini."

"Umeikinga na nini?"

Jana yake Struan alikuwa ameizungushia marobota ya nyasi kavu, kama alivyowafanyia wanakondoo wachanga maisha yake yote. Mwanakondoo ukimkinga hivyo anapona. Mtu mzima na mvi zake, kichwa kimejaa kondoo, akadhani hata chuma kinasikia baridi.

"Marobota," alisema.

"Wewe Struan wewe. Ile inavuta hewa ya nje. Umeiziba pumzi." Alikohoa hadi machozi yakamtoka. "Na mimi najua kuzibwa pumzi ni nini. Kayaondoe. Izime, imwagie maji ya uvuguvugu polepole, halafu usubiri. Usiichokonoe na kitu chochote, unanisikia?"

"Nakusikia, bosi."

Nje ukungu ulikuwa umemeza ua mzima, hata banda la kukatia manyoya halikuonekana. Akayavuta marobota pembeni. Mashine ilikuwa imegeuka bonge moja la barafu, feni imeshikwa humo humo ndani. Akaizima, akamwaga birika la kwanza la maji ya uvuguvugu. Maji yakateremka na kuganda chini yake. La pili likawa vivyo hivyo. Kutoka ndani alisikia kikohozi, kisha kikakatika ghafla, na ukimya ule ulimtisha kuliko kikohozi chenyewe. Subira ikamwisha, akachomoa bisibisi mfukoni.

Barafu ilibanduka vipande vipande, na kwa kitambo akajiona fundi. Halafu bisibisi ikazama mahali palipolainika, ikatoboa bomba, na gesi inayoleta joto ikaanza kufoka. Akabandika kidole gumba kwenye tundu. Ikapenya pembeni ya kidole, ikimuunguza kwa baridi, mpaka ikaisha yote.

Alirudi ndani. Noeline alikuwa macho.

"Imepona?"

Alitamani kumdanganya. Aliona aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na hofu tupu.

"Nimeitoboa."

Noeline hakumfokea; laiti angemfokea, Struan angepata nafuu. Mkewe alimtazama tu, midomo ikiwa imeshaanza kupoteza rangi, kisha akainua pembe ya blanketi.

"Vua buti uingie humu."

Akaingia, akamkumbatia kwa nyuma. Miguu ya Noeline ilikuwa ya baridi kuliko mikono ya Struan aliyetoka nje, na greda lilikuwa bado la kesho.