Mgonjwa Hajambo

Nilikuwa nimepiga magoti bafuni, paji la uso limegusa vigae, simu sikioni, nikamsikia mkalimani akimwambia karani wa bima kwa lugha ya wenyeji: "Mgonjwa hajambo." Alisema hivyo kwa furaha ya mtu anayepeleka habari njema. Na lugha ile niliielewa neno kwa neno.

"Si kweli," nikamwambia karani kwa lugha yake mwenyewe. "Naumwa. Siwezi hata kusimama."

"Tafadhali jibu kupitia kwa mkalimani," karani akasema kwa upole, akatushukuru sote, simu ikakatika. Nilikasirika mpaka nikalia.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, ugenini. Bima ya taifa ilikuwa lazima kwa kila mwanafunzi wa kigeni. Bila hiyo hukopi hata kitabu maktaba. Nilijiandikisha nikaisahau, kama mtu anavyousahau mwavuli siku za jua. Kisha mfuko wangu wa nyongo ukaota mawe. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinionyesha kwenye picha: vitu mfano wa punje za kunde, vimejikusanya chini ya mbavu.

"Utolewe kabla haujapasuka," alisema. "Ukipasuka, siwezi kukuahidi kitu."

Kilichobaki ni kibali cha bima tu. Hapo ndipo mambo yalipotumbukia nyongo, wala sifanyi mzaha.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Karani humpigia mgonjwa, humuuliza hali yake, huandika jibu, kisha wakubwa huamua. Mgonjwa wa kigeni sharti ahojiwe kwa lugha ya mama yake. Niliwaeleza kwamba lugha yao ndiyo ninayofanyia mitihani. Wakasema wananielewa vizuri sana, lakini kanuni ni kanuni. Ningejua, ningesema mama yangu ni bubu.

Mkalimani alikuwa mzee mwenye Kiswahili cha kunyooka. Kumsikia tu, adabu zote nilizofundishwa zikaamka. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba." Karani akauliza, "Unajisikiaje leo?" Mzee akatafsiri kama Mswahili yeyote mwenye heshima zake: "Hujambo, binti yangu?"

Sasa niambie, mtu wa rika la baba yako akikuuliza hujambo, unamjibu nini? Kwetu mtu huitikia salama kwanza, ndipo aseme nyumba imeungua. Nikasema, "Sijambo, baba." Nilikuwa najiandaa kusema *ila*. Hiyo *ila* haikufika. Mzee alishatafsiri, karani alishaandika, ombi likarudishwa: mgonjwa amepata nafuu.

Nikaomba upya. Mara ya pili niliapa kwamba nitasema moja kwa moja; ulimi ukanitangulia. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya bafuni, nikiwa nimejikunja kwa maumivu, na bado nikasema sijambo kwa sauti tamu kabisa. Daktari aliponiona tena alinitazama kama mtoto mkaidi, akasema safari hii wakikataa nisimlaumu yeye.

Mwenzangu wa chumbani, tuliyetoka naye nchi moja, tulimwita Wakili kwa sababu hakukosa neno. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naficha. Kisha akakaa kitandani kwake kunifundisha.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Umeshakufa. Tena. Hujambo?"

"Sija—"

"Tumekuzika. Tena."

Tulicheka mpaka mbavu zikanichoma, nikalazimika kumwomba anyamaze.

Karani alipopiga mara ya nne, niliuma midomo. Nikamwamkia mzee, akaitikia. Kisha akauliza, "Hujambo, binti yangu?"

Niliona aibu, ile aibu ya kumkatalia mkubwa mkono wake.

"Nina jambo, baba," nikasema.

Nadhani katika maisha yake yote hakuwahi kujibiwa hivyo.

"Jambo gani, mwanangu?"

Nikamweleza yote: mawe, bafu, chakula kisichokaa tumboni, daktari alivyosema. Alitafsiri polepole, hakuacha kitu, na alipomaliza hakungoja karani amshukuru.

"Kumbe mimi nilikuwa nakusalimu," akaniambia, "na wenzetu walikuwa wanakuuliza. Nisamehe."

Kibali kilitoka wiki ileile. Nikapasuliwa, nikashonwa, nikarudi chumbani nikitembea kama mzee.

Nilikuwa sijamwambia mama neno. Niliogopa angekosa usingizi. Nilipopata nguvu nikampigia, nikamsimulia kisa chote tangu bafuni. Nilidhani atalia.

"Yaani mzee wa watu anakujulia hali," alisema, "nawe unamjibu kwamba una jambo?"

"Mama, ningekufa."

"Haya. Mungu ni mwema." Akavuta pumzi. "Lakini ungeanza na sijambo."

Nikacheka, huku nimeshika mshono. Kisha nikamuuliza yeye. "Na wewe, Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

Miaka yote hiyo, hapo ndipo nilipokuwa nikihamia kuuliza habari za majirani. Siku ile sikuhama.

"Mama, hii si salamu. Nakuuliza."

Nilisikia watu wa nyumbani wakiongea nyuma yake, na kiti kikisogezwa.

"Ngoja nifunge mlango kwanza," alisema.