Bia ya Mtama Uani Kwetu

Mtama ulipoanza kuota, kila asubuhi niliufunua kabla ya kufungua duka. Ulilala kwenye gunia bichi, pembeni mwa ua, na kila punje ilikuwa imetoa kimzizi cheupe, chembamba kama uzi. Nilikuwa nausogezea uso. Ulinukia tango lililokatwa sasa hivi, ulinukia udongo wa bondeni maji ya mto yakishuka. Nikirudi dukani, wateja walinikuta nimeduwaa na mizani mkononi.

Chuoni Morogoro nilisomea maabara, kisha nikarudi Kibiti kukaa na baba. Sisi ni Wahindu, na baba hunywa bia moja kila Jumapili, ndani, mlango umefungwa, kwa heshima ya majirani zetu Waislamu. Nilimwahidi kwamba nitampikia ya kwangu, lita tano tu, kutoka kwenye nafaka yenyewe.

"Pika, binti," alisema. "Ila jirani asiudhike."

Jirani ni Salama, mke wa Ismaily. Ukuta unaotutenga unanifika kifuani, na karibu maneno yote niliyowahi kumwambia mtu yamepita juu yake. Sina rafiki mwingine. Habari ya bia nilikuwa nimemficha.

Siku ya kupika, mtama ulikuwa umekwisha kukauka juani, na nilikuwa nimeutwanga. Nilipika uji mzito wa chenga za mchele wa Mbuchi, nikauacha upoe mpaka kipimajoto kikaniridhisha, kisha nikatia kile kimea cha mtama, nikakoroga, nikaifunika sufuria kwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Manyunyu yakaanza kuanguka juu ya bati. Nikakaa pembeni, sijui kama nilisinzia. Nilipofunua, uji mzito haukuwapo. Palikuwa na maji mepesi ya rangi ya asali, matamu, na mvuke wake ukanipapasa uso, ukaenda zake ng'ambo ya ukuta.

Bakuli likatokea juu ya ukuta. Kwa kawaida huja na kitu, mihogo ya nazi au vitumbua, nami siku zote hulirudisha na kitu. Siku hiyo lilikuja tupu.

"Shoga, unapika togwa unaninyima?"

Kisha uso wa Salama ukafuata. Mimba yake ilikuwa changa na ilikuwa imemkondesha; siku hizo hata maji yalikuwa hayakai tumboni.

"Harufu hiyo ndiyo kitu cha kwanza kunitamanisha," akasema. "Nitilie, mwaya, kabla roho haijageuka."

Nililishika bakuli kwa mikono miwili. Sufuriani hamkuwa na kilevi hata chembe. Hamira ilikuwa bado kwenye pakiti. Ningeweza kumtilia nikanyamaza. Angekunywa, angenishukuru. Halafu siku moja angejua kilichotoka kwenye sufuria ile ile, na nikauona ukuta ukirefuka taratibu mpaka juu ya kichwa changu.

"Si togwa," nikasema. "Inakwenda kuwa bia."

"Bia?"

"Ya baba. Lakini bado, sijatia hamira. Sasa hivi ni mtama na mchele na maji, basi."

Alinitazama. Manyunyu yalimlowesha kanga, hakuondoka.

"Yaani ninyi," akasema polepole, "mnaokataa hata yai, leo mnapika pombe!"

"Yai lina uhai, Salama."

"Na pombe ina wazimu." Akataka kucheka, akajizuia. "Sufuria hiyo imewahi kupikiwa bia?"

"Mpya. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa hutanisemesha tena."

"Hapo ndipo uliponiudhi! Pombe ni yenu na Mungu wenu. Kunificha ni kwangu mimi." Akalitazama bakuli mikononi mwangu, akameza mate. "Na sasa siwezi kunywa. Umeinuia bia."

"Nia ni yangu. Naigawa."

Nikachota kwa upawa, nikachuja kwa kitambaa safi moja kwa moja bakulini, likajaa. Nikamnyooshea.

"Hii sikuinuia bia. Nimekunuia wewe."

Akalipokea. Kisha akasema bismillahi, akanywa funda moja, akafumba macho. Tukangoja sote wawili, yeye na mkono tumboni, mimi na upawa unaochuruzika. Maji ya mvua yalitiririka kwenye mchirizi. Hakutapika. Akanywa funda la pili, na la tatu akalishikilia mdomoni kwa muda mrefu kama mtu asiyetaka kuamka.

"Siku nyingine uniite kabla hujatia hamira," akasema. "Ukishatia, usinionyeshe."

"Nitakuita."

Alimaliza, akaegemea ukuta, rangi imeanza kumrudia. Nilichungulia sufuria nikaona jinsi ilivyopungua, nikamfikiria baba na Jumapili yake.

Salama akalisukuma bakuli kwangu.

"Ongeza."

Nikaongeza.