Pad ya Mgeni

Wacha niseme kabla hamjaanza kunihukumu: mimi, Musau, ni mtu wa wivu. Sifichi. Ngina akicheka na muuza mayai, nauliza wamechekea nini. Lakini huu wivu wa Tonny ulikuwa mwingine kabisa. Huu ulininyima hata usingizi.

Ngina ni mpenzi wangu, mwaka wa tatu huu. Siku za wiki anafua nguo za watu kule Lavington, mpaka vidole vimepasuka na sabuni. Lakini mpe pad, kile kidude cha mkononi cha kuchezea game ya mpira kwenye TV, uone maajabu! Hapa Kawangware 46, kwa base ya Shivachi, kibanda chake cha kuchezea game, wanaume wazima walikuwa wakimwona anaingia wanakumbuka wana kazi nyumbani.

Mimi ndiye fundi wa hizo pad. Meza yangu iko hapo mlangoni: bisibisi, spirit, mkebe wa spea. Kazi yangu kubwa ni analogi, vile vijiti viwili vya kusukumwa na kidole gumba. Ndani ya kijiti kuna utando mweusi, mwembamba, unaosuguliwa kila mara mtu akicheza. Watu wakisukuma na hasira, na hapa kila mtu anasukuma na hasira, ule weusi unaisha. Basi pad inaanza kuvuta. Hujagusa kitu, lakini mchezaji wako anatembea kushoto peke yake kama mlevi. Mimi naisafisha, ikikataa naweka kijiti kipya. Na pad ikitoka mkononi mwangu hairudi, uliza mtu yeyote hadi Riruta.

Sasa, kwa vile hapa alikuwa amekosa wa kumsumbua, Ngina akaanza kwenda Kibera kila Jumamosi, kule Soweto West, kucheza na jamaa anaitwa Tonny Omolo. "Ni mazoezi tu, Musau." Mazoezi! Mazoezi gani ya kurudi ukijichekea njiani? Tukikaa kula, ni Tonny amesema hivi. Tukitembea, ni Tonny amenifunza frikiki. Siku moja namwekea chai, ananiambia ati kwa kina Tonny wanaweka tangawizi. Nikamwambia basi aende akanywe huko huko. Alininunia siku mbili.

Halafu kukaja hii maneno ya kampuni. Kuna kampuni fulani ya mjini ilikuwa inatafuta mchezaji mmoja wa kuajiri, mshahara kila mwezi, kazi ni kucheza na kufundisha wengine. Walianza watu wengi, wakabaki wawili: Ngina na Tonny. Mechi ya mwisho ikapangwa kwa Shivachi, Jumapili mchana watu wakitoka kanisa.

"Musau, nikipata hii," Ngina aliniambia, "sitashika tena beseni ya mtu." Alisema polepole, akijiangalia vidole. Nilisikia vizuri sana, na ndiyo maana sina cha kujitetea.

Kwa Shivachi kuna heshima moja ya tangu zamani: mgeni akija, anapewa pad iliyotoka kwa fundi mwisho. Hata kama una pad yako ya roho, mgeni kwanza. Kwa hivyo Jumamosi Shivachi akaniletea pad moja nyeusi, akasema, "Hii ndiyo ya Tonny. Itengeneze vizuri, tusiaibike."

Saa hiyo Ngina alikuwa Kibera, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimempigia mara sita.

Nikaifungua ile pad. Kijiti kipya kilikuwa hapo, kwenye karatasi yake. Nikakiacha. Nikaingiza mkono kwenye mkebe wa vijiti vilivyokufa, nikachagua kimoja ambacho weusi wake ulikuwa umekwisha upande mmoja, nikakichomelea. Nilipoijaribu, mchezaji alianza kusogea kushoto, polepole. Safi kabisa. Si sana hadi mtu apige kelele, ni ya kutosha tu uonekane hujui mpira. Nikajiambia namsaidia Ngina. Uongo mtupu. Nilitaka kumwona Tonny akiaibika mbele yake, basi.

Jumapili base ilijaa mpaka watu wakasimama juu ya viti. Tonny aliingia, mrefu, shati limepigwa pasi, akanisalimia kwa mikono miwili. "Niaje fundi. Ngina amenisumbua na sifa zako." Nikamjibu poa, nikaangalia kando. Hata heshima yake iliniudhi!

Mechi ikaanza. Mchezaji wa Tonny akipewa mpira, anapotelea kushoto. Anatoa pasi kwa hewa. Kipindi cha kwanza kiliisha Ngina akiwa mbele, mbili bila, na mimi pale mlangoni nilikuwa nacheka kama mtu aliyeoa jana.

Halafu Ngina akasimama, akanyoosha mkono. "Tonny, leta hiyo, shika hii."

"Mnafanya nini?" Shivachi akauliza.

"Kwao Soweto West nusu ikiisha mnabadilishana pad, vile timu zinabadilishana goli. Mimi nimechezea kwao kwa sheria yao miezi yote hiyo. Leo ni yeye mgeni, siwezi kumnyima."

Haki! Nani anabadilisha pad katikati ya mechi? Hata sikuwahi kusikia!

Tonny hakumpa. Alikuwa ameishika ile pad na mikono miwili. "Ngina, hii inavuta kushoto," alisema kwa sauti ya chini. "Wacha nimalize nayo tu. Ama Shivachi atupe ingine."

Ona huyo! Anajifanya muungwana mbele ya msichana wangu. Ngina akanigeukia. Base yote ikanigeukia.

"Musau, hii pad iko na shida?"

Ningesema neno moja tu. Ningesema, ee, leteni niiangalie. Dakika tano ningekuwa nimemaliza. Lakini Tonny alikuwa ananiangalia, na nikaona nikikubali, yeye ndiye atakuwa amesema ukweli na mimi ndiye fundi bure.

"Haina shida yoyote," nikasema. "Shida iko kwa vidole vya Kibera."

Watu wakaangua kicheko. Ngina akaichukua pad mkononi mwa Tonny. "Umesikia? Fundi wangu amesema."

Sitawasimulia kipindi cha pili chote. Niliona kidole chake kikivuta kulia, kulia, kila saa, kama mtu anayezuia mbuzi na kamba. Bao la kwanza likaingia. La pili. Hakugeuka kuniangalia hata mara moja. La tatu liliingia dakika ya mwisho, mchezaji wake wa nyuma alipojisogelea kushoto na kuacha njia wazi. Mbili kwa tatu. Tonny hakushangilia. Aliweka pad chini akabaki ameinamisha kichwa.

Ngina akaja kwenye meza yangu.

"Ngina, unajua vumbi wakati mwingine—"

"Musau."

Nikasema, "Ilikuwa ya Tonny. Wallahi haikuwa yako."

"Najua. Nilijua dakika ya kwanza nikiishika. Miaka mitatu na fundi, nitakosa kujua pad inayovuta?"

"Sasa mbona hukusimamisha mechi?" Nilikuwa karibu kulia. "Shivachi angekupa ingine!"

"Nisimamishe niseme nini? Watu wote wamekusikia ukisema haina shida. Ningeiinua tu hivi, nani hapa Kawangware angekuletea pad tena?" Akaiweka mezani, taratibu, kama kitu cha mtu. "Nilifikiri nitashinda nayo hivyo hivyo. Nilikaribia."

Nilitaka anitukane, anipige hata, lakini alijifunga leso vizuri, akasema kesho ni Jumatatu na ana nguo za nyumba mbili, akaondoka.

Na mnajua nilifanya nini? Nilichungulia. Baada ya hayo yote, nilitoka hadi barabarani nikachungulia kuona kama Tonny anamfuata. Tonny alikuwa bado ndani kwa Shivachi. Ngina alikuwa ameshika njia ya Riruta, kwa mama yake, peke yake.