Mkwe Aliyeosha Tanuri

Mkwe alipoanza kazi katika kiwanda cha mikate cha baba mkwe wake, hakuja na hata kijiti cha kiberiti. Alikuja na cheti cha Kiingereza kilichotiwa fremu, na kalamu nne mfukoni, tatu hazina wino.

Shangazi wa mkewe, mwokaji wa kiwanda, alimpandisha na kumshusha kwa macho, akasonya kimoyomoyo. Miaka ishirini na sita tanuri lile la matofali lilikuwa mikononi mwake. Kila jioni, mkate wa mwisho ukishatoka, alivuta makaa mekundu pembeni, akayafukia kwa majivu, akafunika na debe bovu. Alfajiri aliyafukua, akaweka vijiti, akapuliza mara tatu, moto ukaamka. Kiberiti aliwaachia wavuta sigara.

Sasa kaka yake, mwenye kiwanda, alikuwa haoni hasikii kwa huyu mume wa bintiye.

"Dada, kijana amesoma. Jumatatu atawasha yeye. Mikate ikitoka saa moja, tanuri ni lake. Wewe utakaa dirishani uuze."

Dirishani! Pale penye tundu la kupitisha upepo, na wateja wanaominya kila mkate kama wanatafuta jipu. Shangazi akaenda kufukia makaa yake.

Ijumaa Mkwe akawakusanya mbele ya ubao, Shangazi na wakandaji wawili.

"Waingereza hawawashi moto ovyo ovyo," alisema akinyoosha tai. "Wana 'laiti', hiyo ya mshumaa, ya watoto. Wana 'kindo': unawasha kidogo kidogo, kwa subira. Hata matumaini ya mtu unayakindo. Wana 'infleimu', ya hasira na ya kidonda kilichovimba. Na wana 'ignaiti', ya kuwasha kwa kishindo!" Akaupiga ubao kofi. "Unaignaiti moto, unaignaiti mjadala, unaignaiti wafanyakazi. Kiongozi ni mtu wa kuignaiti!"

"Mimi mke wangu ananiinfleimu kila mwisho wa mwezi," alisema mkandaji mnene. Mwenzake akacheka mpaka akapaliwa.

Shangazi akanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili. "Mkwe wangu, na kufukia moto, ulale usife, wao husemaje?"

Mkwe akatazama dari, kisha akatazama cheti. "Hiyo hawana. Na kama wao hawana, ujue haina maana."

"Ahsante, baba. Leo nimefumbuliwa macho."

Jumapili hakuokwi, lakini mchana Shangazi alipita kuyaongezea makaa yake chakula. Akamkuta Mkwe amekunja suruali, mpira wa maji mkononi, povu la sabuni limejaa sakafuni. Makaa yake yalikuwa kwenye ndoo, meusi, yamekufa.

"Shangazi, nimekuta majivu ya mwaka juzi mle ndani! Na debe bovu. Mlikuwa mnaoka mikate au mnafuga panya?"

"Mkwe, tanuri halioshwi. Hayo matofali yameshiba maji. Yanataka siku tatu za moto mdogo, la sivyo yatapasuka."

"Hofu hiyo. Kesho naignaiti."

Shangazi akaokota debe lake, akaenda zake. Alikwishasema. Usiku huo alilala fofofo.

Alfajiri Mkwe alivaa tai mpya. Alipanga kuni mpaka juu, akazimwagia mafuta ya taa nusu debe. Kijiti cha kwanza kilivunjika. Cha pili kilizimika. Cha tatu kikashika.

"Ignaiti!"

Ulimi wa moto ukatoka nje kumsalimia, ukaondoka na nyusi zake zote na kipande cha tai. Halafu tanuri likaanza kulia. Mvuke fyuu, matofali pa! pa! Moja likang'oka darini likadondoka motoni. Unga ulioumuka ulichoka kusubiri, ukamwagika kwenye trei. Mikate ilitoka saa tatu, myeusi juu, mibichi tumboni. Mteja wa kwanza aliunusa mmoja, akauliza, "Huu unaliwa, au unatiwa utambi?"

Mwenye kiwanda alisimama kama mtu aliyemeza kijiko. "Dada, fanya mpango."

"Mimi si wa dirishani?"

"Dada, usinitese. Tanuri ni lako."

"Sisikii. Umri huu masikio yananisaliti."

"Tanuri ni la dada yangu!" alipaza sauti, wakandaji wakasikia, hata mteja akasikia.

Tanuri lilipopoa, Shangazi akarudisha lile tofali kwa udongo, likakaa. Akawasha vijiti vichache, akavuta kigoda mbele ya mlango wa tanuri. "Anatakiwa mtu wa kukaa hapa siku tatu, aongeze kipande kimoja kimoja, asizidishe. Lile neno lako la subira lilikuwa lipi, mkwe?"

"Kindo," alisema Mkwe, uso mtupu kama yai.

"Basi kindo, baba. Kigoda hicho."

Akakindo siku tatu, macho mekundu, pua inachuruzika. Jioni ya tatu Shangazi alimwonyesha kufukia makaa. Mkwe akafungua mdomo atafute jina lake kwa Kiingereza.

"Funga," alisema Shangazi. "Shika koleo."

Siku hizi Mkwe anauza dirishani, na nyusi zimeanza kuota. Cheti nacho kimepata kazi: kimeziba lile tundu la upepo, barabara kabisa.