Upande wa Mlango

Hajati Kaltum alipoposwa na marehemu mumewe alifikiri siku tatu, akakubali. Juu ya gari la shule alikuwa amefikiri miezi miwili, na jibu lilikuwa bado tumboni.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka lake la vitambaa, katika mtaa wa Asiatique, na watoto wasiozidi kumi na wawili. Tahani, binti wa kaka yake, ndiye aliyewafundisha kusoma tangu amalize chuo, na ndiye aliyekuwa akienda nao garini, kuwapandisha asubuhi na kuwashusha mchana. Alikuwa msichana wa sauti ndogo. Akitoa salamu harusini, watu hugeuka kutafuta ni nani aliyesema.

Halafu ikaja ile siku ya Aya. Aya, mtoto wa miaka sita, alishuka mbele ya nyumba yao kule Mutanga Sud, na kabla mguu wake wa pili haujagusa lami, pikipiki ikapita, ikamkumba. Mkono ulivunjika. Ukafungwa, ukaunga, lakini Aya hakurudi shule, na gari lolote likisimama karibu alijificha nyuma ya mama yake. Yule mama, Soumaya, hakumlaumu mtu. Laiti angelaumu! Tahani alibaki nalo moyoni, kila akilala anajiuliza: mkono wangu ulikuwa wapi? Hajati aliliuza gari lile kuukuu wiki ileile. Lakini gari jipya lingefaa nini, kama Aya hatapanda?

"We ndiye unashukaka nao," Hajati alimwambia. "We ndiye utasema tununue gani. Mi kazi yangu kulipa."

"Shangazi, mimi sijui magari."

"Na mi najua? Mume wangu alinunua magari saba, yote yalimufia njiani."

Mwishowe yalibaki mawili ya kupimana. La kwanza lilitoka Japani, likashukia Dar es Salaam, likafika Kigoma, likavuka ziwa hadi bandari ya mji wao: rangi ya fedha, linang'aa kama sahani ya wageni. Aliyeliuza ni Anouar, kijana wa manukato mengi na maneno mengi zaidi. La pili lilizaliwa hapahapa mjini, mtaa wa Buyenzi, katika karakana ya fundi Massoudi. Miaka ishirini fundi huyo alitengeneza magari ya wengine, hata akachoka, akaunda la kwake. Injini alinunua, bodi yote aliikata na kuiunga kwa mikono yake. Nyuma aliliandika IMVUBU, yaani kiboko, na kweli walifanana: pana, fupi, la kijivu, pua butu. Buyenzi nzima ilicheka, na jina likashika.

Hajati aliamuru yote mawili yaletwe Jumamosi asubuhi mbele ya nyumba ya Soumaya.

"Pale mutoto alianguka," alisema, "ndipo gari itajionyesha."

Anouar alitangulia. Aliegesha ukingoni, akabonyeza kitu kidogo mkononi, na mlango wa gari ukateleza wenyewe, taratibu, bila sauti, kama pazia la chumba cha bibi harusi.

"Subhanallah!" Hajati alishika kifua. "Mlango ina akili kuliko mashemeji zangu."

"Hii ndiyo Japon, Hajati. Ina climatisation, ina camera ya nyuma. Viti utasema ni kitanda."

Tahani alipanda. Viti vilimpokea kama mto. Hewa baridi ilimpuliza shingoni. Alipapasa mikanda, akapima kidato cha kupandia kwa shibiri, akakiona kinatosha miguu midogo. Hakupata kasoro. Lakini alipogeuka kushuka, barabara yote ilikuwa mbele yake: lori la saruji, baiskeli za ndizi, pikipiki moja nyuma ya nyingine. Alirudisha mguu ndani. Aliona haya. Ni woga wangu tu, alijiambia. Gari lina kosa gani?

"Ngoja ipite, dada," Anouar alisema, amemnyooshea mkono huku akichungulia huku na huku. "Ngoja... haya sasa, shuka haraka!"

Tahani akashuka haraka. Hakuna aliyeona ajabu. Mji mzima hushushwa hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watoto maneno hayohayo mara zisizohesabika.

Kiboko akaja, ananguruma, akasimama nyuma. Hajati alimwendea bila kufikiri, kwa upande uleule wa kushoto anaouendea miaka yote, mkono mbele kutafuta kitasa. Mkono ukagonga bati tupu. Akapapasa juu, akapapasa chini.

"Massoudi! We umesahau mlango!"

Anouar alicheka hata akatoa leso. "Fundi, mutu anapandia dirishani?"

Massoudi alitoa kichwa, amekaa kwenye usukani wake wa kushoto. "Apana, Hajati. Zunguka."

"Nizunguke wapi? Kule ni kwa nyumba za watu."

"Kulekule."

Tahani ndiye aliyezunguka. Mlango ulikuwa upande wa pili, umeelekea ua wa Soumaya. Aliuvuta kwa mikono miwili, ukalalamika. Ndani kulinuka rangi mbichi. Viti vilikuwa vigumu kama mabenchi ya zahanati, joto limetulia humo kama mwenye nyumba, na kioo kimoja kilitikisika. Alikaa, akahema, akageuka kushuka kama alivyogeuka kwenye lile la kwanza.

Mbele yake palikuwa na majani, ukuta mweupe, na geti hatua nne mbali.

Alitafuta pikipiki. Alizisikia, lakini zilikuwa mgongoni pake, nyuma ya bati. Tahani alisimama pale mlangoni kinywa wazi, kama mtu aliyeamka akakuta mto uliokuwa ukipita katikati ya nyumba yake leo umehamia ng'ambo.

"Shangazi," aliita. "Njoo uone."

Massoudi alishuka, akawaonyesha ule upande wa kushoto. Kwenye bati kulikuwa na mshono mrefu wa kuchomelea, wa pembe nne, kama kovu la operesheni.

"Hata mi nilikopi," alisema. "Mlango ya kwanza nilikata hapa, kama ya Japani. Gari imeisha, nimepaka na rangi. Muke yangu Mwanvua anakuja kuangalia, ananiuliza, 'Massoudi, hii gari itatembea nchi gani?' Nikasema hapa. Akasema, 'Hapa tunatembeaka kuume, na we unashusha watu katikati ya barabara.' Mi nilikaa chini, Hajati! Wajapani wanapita kushoto, mlango yao inaangalia nyumba. Walifanya vizuri, kwao. Ikifika kwetu inaangalia pikipiki. Miaka makumi mbili nafungua hizo milango na kuzifunga, sikuona."

Anouar alikuwa ameacha kucheka. Alilitazama gari lake, akalitazama tena. "Lakini kila mutu anazo," alisema.

"Eeh," Hajati alijibu polepole. "Kila mutu. Mi siku ya harusi yangu nilishukia barabarani, gauni nimeshika kwa meno, watu wanapiga kelele haraka, haraka. Nilidhani ndiyo harusi."

Soumaya alikuwa ametoka getini kwa sababu ya kelele, na nyuma ya kanga yake lilionekana jicho moja la Aya. Tahani hakumwita. Alikaa tu kwenye kidato, miguu kwenye majani.

"Mama Aya," alisema, "siku ile mimi ndiye niliyemwambia ashuke haraka."

Soumaya alijibu: "Sote tunasemaka hivyo, mwalimu."

Aya alisogea. Hatua moja, akasimama, nyingine, akasimama. Alimpita Tahani ubavuni, akapanda, akasimama pale pale mlangoni palipomwogopesha siku zote, akatazama nje. Uso ukamkunjamana.

"Mwalimu, barabara imeenda wapi?"

"Iko kule nyuma."

Aya alitoa mguu mmoja, akaushikiza kwenye majani, akasubiri. Hakikupita kitu. Akatoa wa pili. Akapanda tena, akashuka tena. Mara ya nne aliruka.

"Haya, Tahani," Hajati alisema. "Sema, jua linatuunguza."

"Viti vigumu, shangazi. Vitahitaji mito. Kuna joto, na kioo kile akifunge vizuri. Mlango unataka mikono miwili." Massoudi aliinamisha kichwa. "Nachukua hili!"

Sauti ilimtoka kubwa hata majirani wakachungulia, naye mwenyewe akashtuka. Aya hakugeuka. Alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha kwanza, mikono magotini, anangoja gari liondoke.