Serumeni ya Shemeji

Shemeji yangu, fundi cherehani, alikwenda zahanati kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa limeziba. Akarudi na ugonjwa wenye jina refu kuliko futi yake ya kupimia: impaksheni ya serumeni. Alilisoma kwenye cheti mara mbili, akavua viatu, akajilaza.

"Daktari alisema nini?" dada yangu akamuuliza.

"Alisema mengi. Alisemea upande wa kushoto."

Ugonjwa usio na jina hauna wageni. Huu wake ulijaza sebule. Jirani muuza mkaa alisema serumeni ilimmaliza binamu yake kwa siku mbili. Mwingine akasema siku mbili ni nyingi. Mimi nikaeleza tu nilichokijua, kwamba niliwahi kufanya kazi na mtu wa serumeni, na alikuwa anasikia mvua ya mwaka ujao.

Kesho yake shemeji akaanza kugawa mali. Cherehani akamwahidi mdogo wake, aliyekipenda chombo kile kuliko alivyompenda kaka yake. Dada yangu akanywea. Cherehani kile ndicho kilichokuwa kikiinjika chungu nyumbani mwake. Kikiondoka, angebaki mjane mwenye kiti cha fundi.

Asubuhi iliyofuata dada akamkokota mumewe kurudi zahanati. Nikawafuata, maana mgonjwa maarufu hatembei bila watu.

"Daktari," dada akasema, "huu ugonjwa kwa lugha ya jikoni unaitwaje?"

Daktari akakitazama cheti. "Nta."

"Nta?"

"Nta ya sikio, mama. Imeganda. Nilimwambia aingie chumba cha pili asafishwe, nikamwona anashika njia ya kwao."

"Ulimwambia akiwa kakaa upande gani?"

Daktari akafikiri, akaonyesha sikio la kushoto. "Huu hapa."

"Basi."

Nesi akampiga sikio maji ya vuguvugu kwa bomba. Ilitoka nta ya kutosha mshumaa. Kikafuata kifungo cha shati. Mwisho, na nesi ni shahidi, ikatoka taarifa ya habari ya mwaka juzi, nzima, mpaka hali ya hewa.

Tulipofika nyumbani, mdogo mtu alikuwa mlangoni na msukuma mkokoteni, wamekishika cherehani huku na huku. Alipomwona kaka yake, akauvaa uso wa msiba.

"Pole sana, kaka!" akamfokea sikio la kulia. "Usijichoshe, kapumzike!"

Kisha akazunguka upande wa pili, akamnong'oneza msukuma mkokoteni: "Beba, beba. Huku hasikii kitu. Huyu hamalizi wiki."

Shemeji hakugeuka.

"Kiwekeni chini," akasema. "Polepole. Mguu wa nyuma umelegea."

Dada yangu alikuwa ameshaleta kiti.