Hatua Kumi Juu ya Utepe

Mguu wake wa kushoto ulitoka nje ya utepe mweupe tuliobandika sakafuni, ukarudi, ukatoka tena. Hatua kumi, kisigino kikigusa vidole. Mama mkwe wangu alizimaliza kwa kushika ukuta. Nilichukua kalamu nikaandika: hakuyumba.

Miaka tisa imepita, na mkono ulioandika ni huu huu.

Tulikuwa tukifanya utafiti wa dawa mpya ya usingizi. Wazee thelathini waliochoshwa na kukosa usingizi walimeza kidonge kila siku kabla ya kulala, na kila Jumatatu asubuhi walikuja kituoni tuone kama dawa imewabakia kichwani au miguuni. Kazi yangu ilikuwa utepe na maneno: nawasomea maneno kumi, wanakunywa chai, kisha wanayarudia. Aliyeyumba alitakiwa kuachishwa dawa siku hiyo hiyo.

Siku ya kuandikishwa daktari alituuliza kama tuna undugu, maana hairuhusiwi kumpima ndugu yako. Mama mkwe alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Simjui," alisema.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimempikia na kumfulia, na wageni wake wote walidhani mimi ni mfanyakazi wa ndani. Basi na iwe hivyo, nilisema moyoni, hatujuani.

Dawa ikamgeuza mtu mwingine. Alisahau kukagua sufuria zangu, alisahau kuniuliza mjukuu wake atazaliwa lini. Siku moja alinishika mkono akaniita mwanangu, nikaenda kujifungia bafuni nilie. Mume wangu alitania kwamba angejua mapema, angemtilia mama yake kidonge kwenye chai siku ya harusi yetu. Tulicheka hadi machozi. Nyumba ilikuwa imepoa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Kwa hiyo alipoyumba, niliandika hakuyumba. Alipokumbuka maneno mawili, niliandika manane. Nilifanya hivyo Jumatatu tatu mfululizo, na nilijua ninachofanya.

Wiki ya sita alianguka sebuleni asubuhi, akiniletea chai. Hakuwahi kuniletea chai maishani mwake. Nyonga ilivunjika.

Hospitalini walimwachisha dawa, na baada ya siku chache tu akili yake ikarudi yote. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha kwa kijiko. Hakunitukana hata mara moja. Alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Daktari wa utafiti alikuja siku ya tano na faili lenye mwandiko wangu kila ukurasa. Alinikuta pale akadhani nimekuja kikazi, akanishukuru kwa moyo wangu. Mume wangu alikuwa dirishani akimenya chungwa. Daktari alimuuliza mgonjwa kama aliwahi kuyumba wakati wa vipimo, kwa sababu karatasi zilionyesha miguu imara kabisa.

Mama mkwe alininyooshea kidole. Kwa miaka yote ile hakuwahi kunitambulisha kwa mtu.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema taratibu. "Mke wa mwanangu. Nilikuwa nayumba, akawa ananitazama."

Mume wangu aliacha kumenya chungwa. Daktari alifunua faili ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma upya. Mto wa mama ulikuwa umeteleza, nikauweka sawa.